Kitufe Kinachobisha Hodi: Jinsi ya Kukipa Kazi Kitufe cha Kugeuza Skrini katika Linux

Mtu akifika mlangoni pa mwenzake hubisha hodi, naye mwenyeji huitika karibu. Hodi isiyoitikiwa si ushahidi kwamba mgeni hakufika. Huenda aliye ndani aliisikia sauti lakini hakuitambua ni ya nani, akanyamaza. Mfano huu unafaa kuueleza ugonjwa mmoja mdogo wa kompyuta unaoweza kumfanya mtu adhani kwamba chombo chake kimeharibika, kumbe ni kizima. Ugonjwa wenyewe ni wa kitufe cha kugeuza skrini ambacho hakifanyi lolote baada ya mfumo endeshi wa Linux kuwekwa katika kompyuta mpakato za aina ya tableti.

Kompyuta za aina hii zina kibodi kama mpakato nyingine zote, ila skrini yake hushikiliwa na bawaba moja iliyo katikati. Bawaba hiyo huiwezesha skrini kuzungushwa nusu duara, kisha ikalazwa juu ya kibodi huku uso wake ukitazama juu. Hapo mtambo hufanana na kibao cha kuandikia, na mtumiaji huweza kuupakata na kuandika juu yake kwa kalamu maalumu. Katika fremu ya skrini kuna vitufe vichache vidogo, na kimojawapo huwa na alama ya mshale unaopinda. Hicho ndicho kitufe cha kugeuza picha, ili ukurasa uliolala ubavu usimame wima.

Katika makala haya tutaifuata safari ya kitufe hicho tangu kidole kinapokibonyeza hadi picha inapogeuka. Tutaona ni wapi safari hiyo hukatika na jinsi ya kuiunga tena kwa amri chache. Kadhalika tutaona kwamba hesabu za matriksi, ambazo baadhi ya wanafunzi huuliza zina faida gani, ndizo zinazoiwezesha kalamu iandike pale inapogusa.

Mtambo wenye sura mbili

Wazo la kompyuta ya kuandikia kwa kalamu lina umri wa miaka mingi. Mwaka 1989 ilitolewa GRiDPad, kompyuta ya kupakata isiyo na kibodi, ambayo mbunifu wake alikuwa Jeff Hawkins wa Marekani. Mnamo Novemba 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la Windows XP lililotengenezwa mahususi kwa tableti, na viwanda mbalimbali vikaanza kuunda mpakato zenye bawaba ya kuzunguka. Miongoni mwao ulikuwamo ukoo wa ThinkPad: X41 Tablet ilitoka mwaka 2005, X61 Tablet mwaka 2007, na ukoo huo uliendelea hadi X230 Tablet ya mwaka 2012. Mitambo hiyo ilikuwa imara, na mingi ingali inafanya kazi mikononi mwa watu wa pili au wa tatu.

Linux nayo ilianza mwaka 1991, kazi ya mwanafunzi Linus Torvalds wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Kiini ndicho kinachozungumza na vifaa vyote vya kompyuta: kibodi, skrini, diski na vinginevyo. Msimbo wake uko wazi, na yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuubadili na kuugawa. Kwa kuwa mfumo huu hutolewa bila malipo na una matoleo mepesi, ni wengi wanaouweka katika kompyuta zilizozeeka ambazo mfumo wake wa awali hauhudumiwi tena na waliouunda.

Hapo ndipo tatizo letu huzaliwa. Kiwanda kilichounda tableti kiliandaa pia programu ya kuvifasiri vitufe vya fremu, lakini kiliiandaa kwa ajili ya mfumo uliouzwa pamoja na mtambo. Mfumo huo ukiondolewa, mfasiri naye huondoka. Vitufe hubaki vikisema lugha yao, na hakuna anayeielewa.

Yamkini msomaji atasema kwamba kitufe kimoja si hoja. Lakini tufikirie hali ya mtambo ukiwa umelazwa. Kibodi imefunikwa, haifikiki. Vitufe vya fremu pamoja na kalamu ndivyo vyombo pekee alivyobakiwa navyo mtumiaji. Iwapo kitufe hakiitiki, ukurasa wa kitabu utabaki umelala ubavu, na mtu atalazimika kuifunua tena skrini, kuandika amri, kisha kuilaza upya. Baada ya kufanya hivyo mara tatu au nne, ataacha kabisa kuitumia tableti kama tableti. Nusu ya thamani ya chombo itakuwa imepotea kwa sababu ya namba moja iliyokosekana katika orodha.

Safari ya mbonyezo mmoja

Kidole kinapobonyeza kitufe, mkondo mdogo wa umeme huunganika. Kidhibiti cha kibodi hutambua ni kitufe gani kilichobonyezwa, nacho hupeleka kwa kiini namba moja. Namba hii tutaiita namba ghafi. Haielezi maana yoyote. Ni kama namba ya nyumba, haisemi nani anaishi ndani yake.

Kiini huichukua namba ghafi na kuitafuta katika jedwali lake. Kikiiona, hutoa namba ya pili, ambayo tutaiita namba rasmi. Namba rasmi zina maana iliyokubaliwa kwa kompyuta zote za Linux, hata kama zimetoka viwanda tofauti. Kwa mfano, namba rasmi 30 ni ya kitufe cha herufi A, na namba 153 imetengwa kwa kitufe cha kugeuza mwelekeo wa skrini.

Kutoka kwenye kiini, namba rasmi hupanda hadi kwa mfumo wa madirisha, yaani sehemu inayochora kila tunachokiona. Mfumo uliotumika kwa miaka mingi katika Linux huitwa X, na ulizaliwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani. Mfumo wa madirisha huitazama namba na kuuliza: je, kuna programu iliyoomba kuarifiwa kitufe hiki kikibonyezwa? Kama ipo, programu hiyo huitwa nayo hufanya kazi yake.

Kwa hiyo safari ina vituo vitatu: namba ghafi, namba rasmi, na kazi. Kitufe chetu hupoteza njia baada ya kituo cha kwanza. Namba ghafi inafika kwenye kiini, lakini haimo katika jedwali. Kiini hakiitupi kimyakimya, bali huandika malalamiko katika daftari lake. Ni wachache wanaolifungua daftari hilo.

Hatua ya kwanza: kusikiliza

Fungua dirisha la amri, bonyeza kitufe cha kugeuza skrini mara moja, kisha andika:

sudo dmesg | tail

Neno sudo huomba mamlaka ya msimamizi wa mtambo. Neno dmesg huliagiza daftari la kiini lisomwe, na tail huonyesha mistari yake ya mwisho pekee. Ikiwa kitufe kinabisha hodi bila kuitikiwa, utaona mistari ya Kiingereza inayosema kwamba kimebonyezwa kitufe kisichojulikana, ikitaja namba yake, na kushauri kwamba amri ya setkeycodes itumike ili kukifanya kijulikane. Tuchukulie kwamba namba iliyotajwa ni 0x6c. Katika mtambo wako huenda ikawa nyingine, nawe utatumia hiyo uliyoiona.

Alama ya 0x mbele ya namba huonyesha kwamba imeandikwa katika kizio cha 16. Katika kizio hiki tarakimu ni 0 hadi 9, kisha herufi a husimama badala ya 10, b badala ya 11, na kuendelea hadi f ambayo ni 15. Hivyo 6c ni sawa na 6 × 16 + 12, yaani 108 katika hesabu tuliyoizoea.

Kuna jambo jingine la kuvutia. Kidole kinapoachia kitufe, namba nyingine hupelekwa, nayo huwa kubwa kuliko ya kwanza kwa 128. Hivyo kitufe chetu hutoa 108 kinapobonyezwa na 236 kinapoachiwa. Kwa njia hiyo kompyuta hujua ni muda gani kitufe kimeshikiliwa chini.

Itokeapo daftari halionyeshi chochote, usikate tamaa upesi. Katika mitambo mingine vitufe vya fremu havipiti njia ya kibodi, bali hupita njia inayotumiwa na vitu kama swichi ya kifuniko na kipimo cha betri. Kwa mitambo hiyo kiini huhitaji kipande maalumu cha programu kinachoufahamu mtambo husika. Mfano wake ni kipande kiitwacho thinkpad_acpi, ambacho hutambua hata bawaba inapozungushwa: skrini ikilazwa hutolewa taarifa yenye namba 0x5009, na ikirudishwa hutolewa 0x500a.

Hatua ya pili: kukipa jina

Sasa tunaijua namba ghafi, na tunajua kwamba namba rasmi ya kugeuza skrini ni 153. Kilichobaki ni kuziunganisha:

sudo setkeycodes 6c 153

Angalia kwamba namba ya kwanza huandikwa katika kizio cha 16 na ya pili katika kizio cha 10. Ukibonyeza kitufe tena na kulitazama daftari, hutaona malalamiko mapya. Mgeni ameshatambuliwa jina lake.

Hata hivyo jedwali hili hukaa katika kumbukumbu ya muda. Kompyuta ikizimwa, yote husahaulika. Ili jambo hili lidumu, tunaandika faili fupi na kuiweka katika saraka ya /etc/udev/hwdb.d, tukiipa jina kama 90-geuza.hwdb. Ndani yake mna mistari miwili tu:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_6c=direction

Mstari wa kwanza hutaja kibodi inayohusika, na wa pili huunganisha namba ghafi na jina la kazi. Mstari wa pili hauna budi kuanza kwa nafasi moja tupu. Nafasi hiyo ikisahaulika, faili haitasomwa ipasavyo. Kisha tunaamuru hifadhidata ya vifaa ijengwe upya na kutumika kwa amri hizi mbili:

sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger

Tangu hapo, kila mtambo utakapowashwa, kitufe kitajulikana.

Hatua ya tatu: kukipa kazi

Mtu mwenye jina lakini asiye na kazi hawezi kuisaidia jamii yake. Kabla ya kukikabidhi kitufe kazi ya kugeuza skrini, ni vema kwanza tuijaribu kazi yenyewe kwa mkono. Katika mfumo wa X, amri inayogeuza picha ni xrandr. Kwa kuwa skrini iliyogeuka inaweza kumchanganya mtumiaji hata ashindwe kuirudisha, tunatumia tahadhari hii:

xrandr -o left; sleep 10; xrandr -o normal

Picha itageuka kuelekea kushoto, itakaa hivyo kwa sekunde 10, kisha itarudi yenyewe. Iwapo projekta imeunganishwa, inafaa kutaja jina la skrini inayohusika, ili picha iliyo ukutani isigeuke mbele ya darasa zima. Amri ya xrandr ikiandikwa peke yake huonyesha majina ya skrini zote.

Jaribio likifaulu, andika faili ya maagizo na kuiita geuza.sh:

#!/bin/sh
f=$XDG_RUNTIME_DIR/hali-ya-skrini
if [ -e $f ]; then
  rm $f
  xrandr -o normal
else
  touch $f
  xrandr -o left
fi

Maana yake ni rahisi. Faili tupu iitwayo hali-ya-skrini ni alama ya ukumbusho, kama fundo linalofungwa kwenye leso ili mtu asisahau alilotumwa. Fundo likiwapo, skrini imegeuzwa. Basi lifunguliwe na skrini irudishwe. Lisipokuwapo, lifungwe na skrini igeuzwe. Saraka iliyotajwa husafishwa mtumiaji anapofunga kazi zake na kutoka, kwa hiyo fundo la jana halitampotosha mtumiaji wa leo.

Sasa tukiunganishe kitufe na maagizo hayo. Mazingira mengi ya Linux yana ukurasa wa mipangilio ya kibodi ambamo mtu huchagua amri, kisha hubonyeza kitufe anachotaka kiiite amri hiyo. Njia nyingine ni programu ndogo iitwayo xbindkeys, ambayo husoma faili ya .xbindkeysrc. Ndani yake tunaandika:

"sh $HOME/geuza.sh"
  c:161

Msomaji makini atauliza: hii 161 imetoka wapi, ilhali namba yetu rasmi ni 153? Kanuni za mfumo wa X zinasema kwamba namba za vitufe ni lazima ziwe kati ya 8 na 255. Kwa hiyo kila namba inayotoka kwenye kiini huongezewa 8, na 153 + 8 ni 161. Kanuni hiyo ina athari moja inayofaa kukumbukwa: namba rasmi kubwa kuliko 247 haziwezi kupita katika mfumo wa X, kwa maana zikiongezewa 8 huvuka 255. Ndiyo sababu hatukuchagua namba ovyoovyo katika hatua ya pili.

Hatua ya nne: kalamu na matriksi

Hapa ndipo wengi hushangaa. Picha imegeuka vizuri, lakini kalamu ikigusa kona moja ya skrini, kishale hutokea kona nyingine. Kipanya hakina tatizo hilo, kwani hutoa habari za mwendo tu: kulia kidogo, chini kidogo. Kalamu hutoa habari za mahali hasa, na kioo kinachoipima hakikugeuka. Kilichogeuka ni picha.

Tuchukue mfano wa skrini yenye nukta 1024 kwa upana na 768 kwa urefu, kama zilivyokuwa nyingi za X61 Tablet. Tuhesabu mahali pa kalamu kwa sehemu za kimo na upana, ambapo kona ya juu kushoto ni (0, 0) na kona ya chini kulia ni (1, 1). Tuseme kalamu imegusa mahali palipo robo ya upana na nusu ya kimo, yaani (0.25, 0.5).

Picha ikigeuzwa kushoto, upana wake mpya ni nukta 768 na kimo chake ni 1024. Kompyuta isiposahihishwa, itazidisha 0.25 kwa 768 na 0.5 kwa 1024, nayo itaweka kishale katika nukta (192, 512). Je, hapo ndipo ilipo kalamu? Sivyo. Picha imezungushwa robo duara kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo kona yake ya juu kushoto sasa iko chini kushoto mwa kioo. Tukitazama kwa makini tutaona kwamba sehemu mpya hupatikana kwa kanuni hizi:

x mpya = 1 − y
y mpya = x

Tukitia namba zetu, tunapata (0.5, 0.25), yaani nukta (384, 256). Tofauti kati ya mahali sahihi na mahali pasipo sahihi ni nukta 192 kwa ubavu na 256 kwa wima. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali wake ni nukta 320, kwani pande hizo zinalingana na pembetatu ya 3, 4 na 5. Ulalo mzima wa skrini una nukta 1280, na kosa letu ni robo yake. Katika skrini ya inchi 12.1, robo ya ulalo inakaribia sentimita 8. Mwalimu anayetaka kupigia mstari neno katika ukurasa atajikuta anapigia mstari aya nyingine kabisa.

Kanuni zile mbili zinaweza kuandikwa kama matriksi yenye safu tatu:

 0  −1   1
 1   0   0
 0   0   1

Ukiizidisha kwa safu wima yenye x, y na 1, utapata tena 1 − y, kisha x, kisha 1. Safu ya tatu huongezwa ili kuhamisha, yaani kujumlisha namba, kuweze kufanywa pamoja na kuzungusha katika zao moja. Hii ni mbinu ileile inayotumiwa na wachoraji wa ramani na wa katuni za kompyuta.

Mfumo wa X huipokea matriksi hiyo moja kwa moja. Amri ya xinput list huonyesha majina ya vifaa vya kuingizia habari. Ukishaipata kalamu, chukua jina lake na kuliandika mahali pa neno JINA katika amri hii:

xinput set-prop "JINA" "Coordinate Transformation Matrix" 0 -1 1 1 0 0 0 0 1

Namba tisa za mwisho ni matriksi yetu, ikisomwa safu kwa safu. Mstari huu huongezwa katika faili ya geuza.sh chini ya amri ya left. Chini ya amri ya normal huwekwa mstari kama huo wenye matriksi isiyobadili kitu, yaani 1 0 0 0 1 0 0 0 1. Fahamu kwamba kalamu nyingi huhesabiwa kuwa vifaa viwili, ncha ya kuandikia na ncha ya kufutia; zote mbili zipewe amri. La sivyo, kalamu itaandika mahali pake na ufutio utafuta mahali pengine.

Pale mambo yanapokuwa tofauti

Matoleo mengi mapya ya Linux yameacha kutegemea mfumo wa X na kutumia Wayland, kazi iliyoanzishwa mwaka 2008. Huko amri ya xrandr haiwezi kuigeuza skrini. Kazi hiyo hufanywa na mazingira ya dirisha yenyewe, nayo huipangia kalamu mahali pake bila mtumiaji kuandika matriksi. Hatua ya kwanza na ya pili hazibadiliki hata kidogo, kwa sababu kiini ni kilekile. Kinachobadilika ni hatua ya tatu, na hesabu ya hatua ya nne hufanywa ndani, mbali na macho yetu.

Tableti nyingi za siku hizi hazina hata kitufe cha kugeuza. Zina kihisio kinachopima upande ambao nguvu ya mvutano wa dunia inavutia, na programu iitwayo iio-sensor-proxy huzipeleka habari hizo kwa mazingira ya dirisha. Hata hivyo msomaji anayekifahamu kitufe hatapata shida kukifahamu kihisio, kwani safari ni ileile: habari ghafi, maana rasmi, kisha kazi.

Faida iliyo kubwa kuliko kitufe

Shuleni, skrini iliyosimama wima ni kitabu. Ukurasa mzima wa kiada huonekana bila kupandishwa na kushushwa. Mwalimu wa hisabati huweza kuchora pembetatu kwa kalamu, na mwalimu wa jiografia kutia alama katika ramani, mkono wake ukiwa pale pale macho yake yalipo. Lakini kuna faida iliyo kubwa zaidi.

Mara nyingi uamuzi wa kukitupa chombo hufanywa na mtu aliyeona dalili bila kutafuta chanzo. Kitufe hakiitiki, basi mtambo ni mbovu. Mtambo ni mbovu, basi uwekwe stoo. Ilhali chanzo kilikuwa kimeandikwa waziwazi katika daftari la kiini, pamoja na dawa yake. Mwanafunzi aliyejifunza kulisoma daftari hilo amejifunza tabia ya kisayansi yenyewe: kutenganisha kisichosikika na kisichokuwapo, na kupima kila kituo cha njia kabla ya kutoa hukumu.

Tena, elimu hii haiishii kwa mtu mmoja. Linux huja na orodha kubwa ya vitufe vya mitambo ya aina nyingi, na sehemu yake imejengwa kwa taarifa za watumiaji wa kawaida walioipata namba ghafi ya kitufe chao na kuituma kwa watunzaji wa orodha. Mstari mmoja uliotumwa na mtu mmoja huwaondolea taabu wote wenye mtambo kama wake. Katika Afrika Mashariki moyo huo wa kushirikiana umeshazaa matunda: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Msimbo ukiwa wazi, kila anayejua kusoma anaweza kuwa fundi, na kila fundi anaweza kuwa mwalimu.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Kitufe kimoja cha fremu hutoa namba ghafi 0x67. Itafute namba hiyo katika kizio cha 10, kisha tafuta namba itakayotolewa kitufe kikiachiwa. Andika jibu la pili katika kizio cha 16.

2. Izidishe matriksi ya kugeuza kushoto kwa yenyewe. Onyesha kwamba zao lake hupeleka (x, y) kwenye (1 − x, 1 − y), na ueleze picha itakuwa imekaaje.

3. Chora mstatili katika karatasi ya grafu na utie alama pembe zake nne. Kwa kuizungusha karatasi, tafuta kanuni ya kugeuza picha kulia. Kisha onyesha kwa kuzidisha kwamba kugeuza kushoto na baadaye kulia hurudisha kila nukta mahali pake.

4. Ikiwa una kompyuta yenye Linux, ipanue faili ya geuza.sh ili kila mbonyezo upeleke skrini katika hali inayofuata kati ya nne: wima wa kawaida, kushoto, chini juu, na kulia. Fikiri kwanza: je, fundo moja la leso latosha kukumbuka hali nne?